Mnazi wa Moza na Mkono wa Kibwana

Kilwa Kisiwani,
8 Desemba 2024

Mke wangu Moza, shikamoo.

Usishtuke kupata barua. Sijafa, sijafungwa, wala sijaoa. Ni mimi mjukuu wako Kibwana, na naandika kwa mkono uleule uliopasuliwa, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, siku naruhusiwa kutoka hospitali hapo Lindi, alinipa kazi tatu: kubinya mpira, kukamua kitambaa chenye maji, na kuandika ukurasa mzima mara kwa mara mpaka vidole vikumbuke kazi yao. Nikamuuliza, nimwandikie nani? Akasema, mwandikie mkeo. Nikaona mke niliye naye ni mmoja tu, yupo Mitwero, ana miaka sabini na sita, na simu hataki kuishika kwa sababu eti akiiweka sikioni anasikia upepo.

Huku kwetu hatujambo. Mama bado yupo Kiswere kwa dada, anakusalimu sana. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, na mmoja amekurithi ubishi. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nimeliezeka upya kwa makuti, yaani nimesimama chini nikiwaelekeza wengine mpaka wakanichoka.

Sasa mkono. Ndani ya kifundo wameweka bamba la chuma na skrubu sita. Hogo la plasta lilitolewa wiki tatu zilizopita, na mkono uliotoka humo sikuujua, mwembamba, umepauka, una manyoya. Kuugeuza kiganja kitazame juu bado ni taabu, hata dua yangu sasa inakwenda imeinama upande. Miaka kumi na minane ya ukwezi, bibi, hakuna mnazi wa kisiwa hiki ambao sijaufikia kilele, na leo nashindwa kufungua kopo la samli.

Kila apitaye anauliza ilikuwaje, na mimi namjibu jibu lilelile: nilikuwa kwenye mnazi wako, ule mrefu wa nyuma ya nyumba, mguu ukateleza kwenye kidato cha kukanyagia. Basi. Sipendi kulirudia.

Lakini jambo moja linanikera. Nililala wodini siku kumi na moja. Kutoka Mitwero mpaka pale ni bajaji moja tu. Shangazi Samia alikuja kila siku na chupa ya uji, na uji umepika wewe, naujua kwa wingi wa pilipili manga. Mpishi mwenyewe sikumwona. Mke gani huyu? Wenzangu wodini walikuwa wanashikwa mikono na wake zao, mimi nashika chupa. Nijibu, tena kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe Samia akuandikie, maana ukimwambia Samia jambo, Mitwero yote imeshasikia.

Mumeo mwenye mkono mmoja na nusu,
Kibwana


Mitwero, Lindi,
27 Desemba 2024

Mume wangu Kibwana,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imeletwa na yule mchuuzi wa pweza, na imefika ikinuka pweza. Nimevaa miwani, nimemtoa Samia nje, nimeisoma mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, baba yako akiwa mgongoni analia, na mwalimu wetu alikuwa anatoa alama hata kwa wajawazito. Basi na mimi nakupa zako: nne juu ya kumi. Herufi zako zimelewa. Neno "mnazi" umeliandika limelala kabisa.

Huku tuko salama. Shangazi yako anashona sare za shule, nyumba nzima vipande vya kitambaa cha buluu, juzi nimekuta kifungo kwenye wali. Mvua imenyesha mara mbili. Kisukari changu kimetulia, kwa hiyo usianze kutafuta mke mwingine.

Unaniuliza kwa nini sikuja wodini. Nilikuwa na mafua. Halafu kuku alikuwa amelalia mayai, nisingeweza kumwacha. Na hizo bajaji zinarusha mtu, mgongo wangu si wa kurushwa. Hayo yanatosha, mwanamume hamhoji mkewe kama yuko baraza la kata.

Mwenye maswali ni mimi. Ulipoanguka ulikuwa umefika wapi? Ulikuwa unapanda au unashuka? Uliangukia upande wa nyumba au upande wa kisima? Niandikie yote, usiniruke hata moja. Unajua mnazi ule ni nani kwangu. Nilipozaliwa mama yangu alichimba shimo moja, kitovu changu chini, mche juu yake, ndiyo maana hadi leo watu wanauita Mnazi wa Moza. Tumekua pamoja, ila yeye ameendelea kurefuka na mimi nimeanza kurudi chini. Tangu siku ile sijatia nazi yake chunguni. Zilizokuwepo nimewagawia majirani. Waambie watu wa huko, asiuguse mtu.

Na la mwisho. Una miaka thelathini na sita. Mchagua nazi hupata koroma, na wewe kwa kazi yako ungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Nasikia kuna mwalimu wa shule hapo, Nusaiba, mjane asiye na makuu, na kwamba unapita kwake kila ukitafuta njia ya kwenda mahali popote. Mwambie mke mkubwa anataka kumwona.

Mkeo wa kwanza, asiyetishika,
Moza


Kilwa Kisiwani,
19 Januari 2025

Mke wangu Moza, shikamoo.

Nne juu ya kumi! Na mimi nilijisifu kwa kila mtu kuwa nimeandika ukurasa mzima bila kupumzika. Mbuzi wote wazima. Mama amerudi kutoka Kiswere na kilo nane za dagaa, nyumba haikaliki. Anakusalimu.

Nimesoma habari za kuku na mafua. Mafua ya siku kumi na moja hayo yangefaa kuandikwa gazetini.

Mkono unaendelea. Kosa nililofanya ni kukamua kitambaa barazani. Akina mama wameniona. Sasa kila asubuhi nakuta ndoo ya nguo zilizoloana mlangoni, na sauti inatoka uani: "Kibwana baba, mazoezi yako hayo!" Wiki hii nimekamua shuka nne, kanzu ya imamu, na pazia la mtu nisiyemjua. Wazee nao hawaniachi. Nikipita wanaambiana kwa sauti ya kunisikilizisha: siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Nacheka nao, nifanye nini.

Ila juzi nilikosa kicheko. Nazi za watu zimekauka juu, nyingine zinaanguka zenyewe, moja imetoboa bati la shule. Wakamleta Issa kutoka Masoko aje akwee. Nikasimama chini nikimtazama. Anaukumbatia mnazi kama mtu anayemsalimia mama mkwe, halafu nazi anazikata ovyo, mbivu na vidaka vichanga pamoja. Bibi, iliniuma. Niliingia ndani nikalala mchana kweupe, na mimi silali mchana.

Maswali yako ni ya polisi. Nilikuwa katikati, si juu si chini. Upande sikumbuki, mtu akianguka hashiki dira. Tuyaache hayo. Daktari ameniambia nirudi mwisho wa Februari apige picha nyingine, akiridhika ataniruhusu kukwea.

Kuhusu mwalimu Nusaiba, umechelewa. Siku hizi ananipa salamu tu, tena ya mbali. Sijui nimemkosea nini.

Mumeo, dobi wa Kisiwani,
Kibwana


Mitwero,
16 Februari 2025

Mume wangu Kibwana,

Marahaba. Alama zako safari hii ni sita, umenyooka, ila ulipofika kwenye maswali yangu herufi zimeanza tena kuyumba. Nimeliona hilo.

Sisi tuko vizuri. Kuku ametotoa vifaranga saba, mwewe amechukua wawili. Samia amemaliza sare na sasa anashona za harusi ya watu wasiojua wanataka rangi gani.

Nina jambo, na nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kulitia kwenye karatasi. Nataka Mnazi wa Moza ukatwe.

Usirushe barua chini, soma kwanza. Wazee wetu walikuwa na desturi: mnazi uliomwangusha mtu wa nyumba hauachwi ukasimama uani, unakatwa, na penye kisiki panasomwa dua. Mimi nilidhani nitaweza kulipuuza kwa kuwa mti ni wangu. Siwezi. Nakujua wewe. Daktari akikuruhusu leo, kesho utauparamia uleule ili watu waone. Na ukianguka mara ya pili hutaangukia mkono.

Nimeshaongea na Severini, jirani yetu huyu Mmakonde mwenye chenso, ule msumeno wa mashine. Ni Mkristo mwenye heshima, hapigi mashine saa ya adhana. Amekubali kuja huko mfungo ukiisha na mvua zikipungua. Ubao wa mnazi ni mgumu, atakutengenezea kitanda, huenda ndipo utapata wa kulala naye maana mimi nimezeeka.

Najua umeuzoea. Mimi je? Ni wangu kuliko wako, na bado nasema ukatwe. Usinijibu kwa kubisha.

Mkeo,
Moza


Kilwa Kisiwani,
12 Machi 2025

Mke wangu, shikamoo, na saumu njema.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Huku wote tunafunga, isipokuwa mbuzi.

Bibi, mnazi hauna kosa. Ajali ni ajali, na mti hauna akili ya kumsukuma mtu. Ule ukikatwa, uani hakuna kivuli, jiko litaungua jua, kunguru wote watahamia kwenye paa langu. Nazi zake ndizo zilizopika wali wa harusi yako, umeniambia mwenyewe. Watu wakitoka Masoko wakivuka kuja huku wanaulenga ule, nahodha anasema bila ule hajui ashike wapi. Na kitovu chako je, kitakaa chini ya kisiki?

Halafu mimi mwenyewe, aliyevunjika, nimeusamehe. Wewe una kinyongo cha nini?

Daktari nimemwona. Amesema bado bado kidogo. Nisubiri. Na hata hivyo mvua hizi zinakuja, mnazi ukiloa haukweleki.

Mumeo,
Kibwana


Mitwero,
10 Aprili 2025

Mume wangu Kibwana,

Marahaba. Idi tumeila salama, nilikupikia biriani la jina lako na Samia akalila kwa niaba yako. Mvua hapa imejaza mfereji hadi mlangoni.

Umeandika ukurasa mzima wa kivuli na kunguru na manahodha, na hujajibu sawasawa hata swali moja nililokuuliza Desemba. Mtu anayemtetea aliyemvunja mkono, ama ana wazimu ama ana lake moyoni. Wazimu kwenye ukoo wetu upo upande wa mama yako tu.

Severini atafika huko Jumamosi ya tarehe 24 Mei. Nimeshampa baraka zangu. Kama una neno la kweli, niarifu kabla ya hapo, kwa karatasi, uso kwa uso na herufi zako. Usimpigie simu shangazi yako.

Moza


Kilwa Kisiwani,
25 Mei 2025

Mke wangu Moza, shikamoo.

Leo wote wazima, na salamu zinaishia hapo kwa sababu nikizirefusha nitapata njia ya kukimbia. Tangu Aprili nimekuandikia barua nne na nimezichana zote nne. Hii ya tano anaileta Severini mwenyewe.

Mnazi wako haujawahi kuniangusha. Mimi, Kibwana, nimeangushwa na kiti.

Ni kiti cheupe cha plastiki, kina mguu mmoja mbovu, kipo nyumbani kwa mwalimu Nusaiba. Siku ile asubuhi nilikuwa nimeweka kamba na panga chini ya mnazi wako, nikwee baada ya chai. Nusaiba akapita, akasema globu ya sola ukumbini kwake imekufa, nimbadilishie. Mlango wazi, watoto wa jirani wamekaa pale, hakuna la aibu. Akataka kuniletea meza. Nikamwambia, mimi mkwezi wa Kisiwani, unaniletea meza? Nikapanda kiti. Bibi, sikufika hata urefu wa mbuzi. Mguu wa kiti ukafunguka, nikajikinga kwa mkono, nikasikia kitu kinavunjika, nikadhani ni kiti.

Nilitoka nje nimeubeba mkono, nikaenda kukaa pale kwenye kamba yangu kwa sababu miguu ilinipeleka huko. Watu wakajaa. Mmoja akaona panga, akaona kamba, akasema, "Masikini, kaanguka kwenye Mnazi wa Moza." Uongo sikuuanzisha mimi, niliukuta umeshasemwa, nikaupokea kwa mkono wa kushoto. Kuanguka kutoka kwenye mnazi mrefu kuliko yote, hilo mkwezi anaweza kuishi nalo. Kiti, hapana. Nusaiba alisikia yote. Aliniambia neno moja tu, "Ukiwa tayari utawaambia," na tangu hapo ananipa salamu ya mbali. Kwa hiyo nilikudanganya na hapo, nilijua vizuri nimemkosea nini.

Na daktari aliniruhusu tangu tarehe 27 Februari. Akanishika mkono, akaukunja huku na huku, akasema mfupa umeshika vizuri, nenda kafanye kazi yako taratibu. Nikaenda kimyakimya kwenye mnazi mfupi karibu na kisima. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tano. Mkono ukaanza kutetemeka, wala hauumi, unatetemeka tu, nikashuka. Nilijaribu siku tatu mfululizo na kila siku nilishuka palepale. Nilikuwa naogopa, bibi. Miaka kumi na minane sijaogopa urefu, kumbe kiti cha plastiki kimenifundisha. Habari za mvua zilikuwa kisingizio.

Jana Severini kavuka na mashine yake begani. Kila mtu alikuja. Akauzunguka mnazi, akapima kwa macho utalalia wapi, akanisalimia kwa heshima. Nikamwambia asubiri. Akasema, "Nimetumwa na bibi yako, na bibi yako hajaniambia nisubiri." Akavuta kamba ya mashine mara moja, ikakohoa. Akavuta mara ya pili, ikawaka.

Nikachukua kamba yangu, nikatia miguu, nikapiga ukelele, "Mkwezi juu!" Unajua desturi yetu, mkwezi hapandi bila kutoa hodi, kwani akifika kule anaona nyua zote na vyoo visivyo na paa. Miezi saba hodi hiyo haijasikika kwa sauti yangu. Wanawake waliokuwa nyuani wakaanza kukimbilia ndani huku wakicheka, nikasikia mmoja anasema, "Loo, amefufuka!"

Kidato cha tano mkono ukatetemeka. Nikausubiri. Huko chini mashine ikazimwa, na ukimya ule ndio uliokuwa mbaya kuliko mashine. Nikausemesha mkono wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mwanamke wa heshima zako, nikapanda cha sita. Baada ya hapo sikuhesabu. Nilipofika kwenye makuti nilikaa, nikajikuta nalia, nikashukuru kwamba machozi ya mtu aliye juu hayaonekani.

Severini akaita, "Kaka, shuka nifanye kazi!" Nikamjibu sishuki mpaka niseme. Nikasema yote kwa sauti ya kufika msikitini: kiti, globu, meza niliyoikataa. Halafu Issa, aliyekuja kutazama, akakaa chini mchangani akashika tumbo. Kisiwa kizima kilicheka, bibi, mpaka imamu ambaye kanzu yake nimeikamua. Jina nimeshapewa, naitwa Bwana Kiti. Nusaiba alikuwa amesimama na madaftari kifuani, akacheka akajifunika uso kwa khanga, kisha akapaza sauti: "Na globu yangu mpaka leo haijabadilishwa!"

Nikaangua nazi kumi na mbili, nikizizungusha kikonyo kwa mkono huo huo. Kifundo kimevimba kidogo, nimekifunga, kitapoa. Severini akaivisha mashine yake gunia, akanywa madafu mawili, akasema atakwenda kukueleza kwamba mti hauna hatia, ila kama unataka atarudi akikate kiti.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma na wewe nikakulisha, hadi ukataka kuukata mti wa kitovu chako kwa ajili yangu, na mimi nikakujibu habari za kunguru. Nisamehe, bibi yangu. Kwa nini hukuja wodini sitakuuliza tena, mtu aliyesema uongo miezi saba hana haki ya kuuliza. Nazi nne hizo anazobeba Severini ni za mnazi wako. Zitie chunguni.

Mjukuu wako,
Kibwana


Mitwero,
1 Juni 2025

Mume wangu Kibwana, Bwana Kiti,

Marahaba. Severini amefika hapa, hata maji hajanywa akaanza kusimulia, akapanda stuli ya Samia kunionyesha ulivyoanguka, tukamwomba ashuke kabla hatujapata mgonjwa wa pili. Samia ameshajua, kwa hiyo Mitwero imeshajua. Jana muuza mkaa amenipa pole ya kiti.

Nimekucheka mpaka mbavu zimeuma. Sasa kaa kitako, kwenye jamvi ikiwezekana, nikwambie langu.

Sikuwa na mafua. Kuku alianza kulalia mayai miezi mitatu baadaye. Siku walipoleta habari kwamba Mnazi wa Moza umekuangusha, mimi nilisikia Moza amekuangusha. Najua apangaye ni Mungu, na nimemwomba msamaha kwa nilivyowaza. Lakini niliwaza. Baba yako ametangulia, wewe ndiye uliyebaki badala yake, na kilicho changu ndicho kimekuvunja. Nikasema, ikiwa kitovu changu tu kimemfanya hivi akiwa mzima, nikimwendea mwenyewe kitandani akiwa mgonjwa itakuwaje? Ndiyo maana nilikuuliza uliangukia upande gani. Nilikuwa natafuta upande ambao si mimi.

Uji nilipika mimi, hilo ulilijua. Usilolijua ni kwamba niliuleta mimi. Siku zote kumi na moja nilipanda bajaji na Samia, nikafika mpaka getini, nikampa chupa, nikakaa kwenye benchi la walinzi mpaka atoke anieleze umekunywa kiasi gani. Mlinzi mmoja alidhani nauza karanga.

Kwa hiyo nimekukasirikia, Kibwana. Nimekukasirikia sana, siku mbili nzima sikutaka kuiona hata karatasi yako. Miezi saba nimejiogopa kwa sababu wewe uliona haya. Siku ya tatu nikavunja nazi moja, nikakuna mwenyewe, nikapika mchicha kwa tui lake, nikala. Sikudhurika. Nikalia kidogo, nikaongeza mchicha. Nimekusamehe, ila uongo mwingine kama huo utanizika, kwa hiyo usiurudie.

Globu ya watu kaibadilishe leo leo. Tumia meza.

Idi ya kuchinja naila huko. Nitafika Alhamisi tarehe 5 na mashua ya kwanza ya asubuhi. Saa hizo maji yatakuwa yamekupwa, mashua haitafika ufukweni, na mtu mzima lazima ashushwe majini. Samia amesema atampigia simu Issa anishushe, kwamba mkono wako usijaribiwe kwa uzito wangu. Nimekataa. Ingia majini mwenyewe, uje mpaka ubavuni mwa mashua, uninyooshee wa kulia, huo wenye chuma. Nitauegemea wote.

Moza